Mzungu Aliyelowa Kwenye Mlango wa Jikoni

Haya niliyaona mchana, nimeshiba, sina homa. Naanza hivyo kwa sababu kila nikisimulia hakosekani mjuaji mmoja wa kusema ni joto la Uarabuni lilinipanda kichwani. Joto! Joto linaacha matope kwenye vigae? Joto linajua siri ya ukoo wa mtu? Kama wewe ni wa kundi hilo acha hapa hapa, kasome gazeti. Mimi sikusoma sana, lakini macho sikuyapata shuleni, nilizaliwa nayo.

Aliyenipeleka Riyadh ni mwanamke wa Mombasa anaitwa Jumwa, ana ofisi juu ya duka la simu, na nataka jina lake lisomwe. Aliniambia nitafanya kazi ya hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kule, Abu Turki, ambaye alinitazama mara moja akaona nimezeeka kwa watoto wake wadogo, na baada ya muda akanikodisha kwa wazungu kama mtu anavyokodisha viti vya harusi. Wazungu hao walikuwa mtu na mkewe kutoka Ayalandi. Mume aliitwa Deklan, injinia. Mke alikuwa Madam Orla. Abu Turki alimkabidhi Deklan pasipoti yangu, naye akaitia kwenye droo chumbani kwake akafunga.

"Kwa usalama wako," akaniambia.

Usalama wangu kutoka kwa nani?

Kama hujui, Ayalandi ni kisiwa kando ya Uingereza. Mwingereza alikikalia kabla hajatufikia sisi, wenyewe wakapigana naye mpaka wakajitwalia uhuru. Mimi nimejuaje? Nililishwa habari hiyo kila wageni walipokuja, nikiwa nimesimama na sinia. Deklan alikuwa akipenda kunishika bega na kusema, "Sisi na ninyi ni ndugu. Mwingereza alitukanyaga sote." Halafu ananipa sahani chafu. Bosi wake kazini alikuwa Mwingereza, na akimpigia simu, Deklan alikuwa anainuka kitini ndipo ajibu. Kwenye simu! Sijui alidhani anaonekana.

Ukutani palikuwa na picha ya baba wa babu yake, Kapteni wa wapiganaji, masharubu kama ufagio. Hadithi yake niliijua kama sala. Askari wa Mwingereza walivamia shamba la Kapteni, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye bunduki zilizofichwa, wakazichukua. Kapteni akachunguza nani ametoa siri. Akamkuta ni kibarua wake mwenyewe, kijana anaitwa Mati. Wakamhukumu ghalani jioni ile ile, wakampeleka kwenye kinamasi mvua ikinyesha, wakampiga risasi, wakambandika karatasi kifuani imeandikwa jasusi, wakamzika humo humo bila kasisi. Deklan akifika hapo wageni wanainua glasi. Mimi najiuliza: watu wazima na mvi zao wanashangilia kibarua kuuawa, na kibarua mwingine amesimama hapo hapo anawamiminia?

Lakini niliendelea kumimina. Nilikuwa na shida yangu. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, halas, na dada yangu alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani Taita. Mama alikuwa ameanza kusahau watu. Alianza na mchungaji, akaja jirani, akaja kaka yetu mkubwa, anamwuliza mtoto wake wa kumzaa, "Wewe umetoka wapi?" Dada akaniambia, "Njoo kabla hajafika kwako." Nikamwomba Deklan pasipoti. Akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, akasema ujao tena.

Sasa sikiliza. Watu hudhani mambo ya mizimu huja usiku. Aliyesema hivyo hajakaa Riyadh. Kule usiku ndio watu wameamka, watoto wako nje, maduka yamewaka. Saa iliyokufa ni alasiri, baada ya chakula, jua limesimama juu ya kuta na hata paka hapiti. Ni saa hiyo.

Kwa Abu Turki nilifundishwa kwamba mkate hautupwi pamoja na takataka. Uliobaki unatiwa kwenye mfuko wake, unatundikwa nje, mwenye mbuzi au mwenye njaa apite auchukue. Ni desturi nzuri, siikatai. Nilipohamia kwa wazungu nikaendelea nayo, ila kwa kuliogopa jua sikuufikisha mfuko ukutani kwenye mapipa kama majirani. Niliutundika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, kwa nje. Kila siku nikaukuta mtupu. Nikadhani ni wale jamaa wasio na karatasi wanaotoka mtaa wa Manfuha kuokota makopo, nikawa nawaongezea kipande cha jibini.

Alasiri moja nikafungua mlango nianike tambara. Mzungu amekaa kwenye ngazi, mkate mkononi. Kijana, mwembamba, nywele nyekundu zimeganda kichwani, amevaa koti zito la sufi, na koti linachuruzika maji. Mvua mafi, yaani hakuna kwa Kiarabu cha kule, mawingu mafi, na saruji ile ya moto ungeweza kuchomea chapati. Yeye ameikanyaga peku.

Ungefikiri nini wewe? Mimi nilifikiri ni mlevi. Wazungu wa mtaa ule walipika pombe majumbani, na nilishawahi kumwona mmoja akiogelea na viatu. Nikamfokea.

"Bosi, nenda kwenu. Madam akikukuta hapa mimi ndiye nitakayesemwa."

Akasimama, akavua kofia. Niamini, tangu nizaliwe hakuna mzungu aliyewahi kunivulia kofia.

"Samahani, mama," akasema, Kiingereza kizito kuliko cha Deklan. "Mlango wa mbele siruhusiwi."

Nikamwonea huruma kwa miguu ile. Nikamsukumia malapa ya Deklan. Alipoinama kuyavaa koti likafunguka, nikaona pini imebaki kifuani na kijikaratasi kilicholowa, maandishi yametoka. Chini ya pini kuna tundu. Na kupitia lile tundu, nasema ukweli mbele ya Mungu, niliona ukuta wa jirani.

Sijui nilifungaje mlango. Nilijifungia bafuni mpaka Madam Orla aliporudi na kuanza kupiga kelele. Pale mlangoni, yamepenya chini ya mlango hadi kwenye vigae, kulikuwa na matope meusi, meusi kama masizi, yananuka majani yaliyooza. Riyadh nzima haina udongo wa rangi hiyo.

"Tunakuchukulia kama mtu wa familia," akasema, "halafu unatuletea uchafu huu?"

Nikapiga deki. Familia ilikwenda kulala.

Nilimweleza dereva wa nyumba, Mwadime, Mtaita mwenzangu, mtu mzima anayekwenda kanisani. Nilitegemea tuombe pamoja. Akacheka mpaka akashika usukani.

"Dada, mzimu wa kizungu? Ana ikama, kibali cha kukaa?"

"Mwadime, nimeona ukuta kupitia kifua chake."

"Basi mwambie kafili wake amtafute, asije akatusababishia msako."

Lakini kesho yake yule mtu alikuwepo, na kesho kutwa pia, kwenye ngazi ile ile. Siku ya kwanza nilimkemea kwa maombi. Siku zilizofuata nilichoka kuogopa. Mtu anazoea hata meno kuuma. Na nikuambie jambo lililonikera zaidi: babu ni wa Deklan, dhambi ni ya kwao, lakini mzimu wanamletea mjakazi Mwafrika. Hata wafu wa kizungu wanataka kuhudumiwa!

Nikamwuliza hivyo hivyo, kwa hasira. "Mbona usimwendee mwenyewe?"

"Yeye haji kwenye mlango huu," akasema. "Na wewe ndiye uliyeniita."

"Mimi?"

"Kwetu chakula kikiwekwa mlango wa nyuma ni cha wafu. Hakuna aliyewahi kuniwekea. Mkate wako ndio wa kwanza."

Unaona kosa langu? Natimiza desturi ya Waarabu kwenye nyumba ya Wayalandi, Mtaita mimi, najua nini? Niliacha kuutundika siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimechelewa.

Jina lake alinitajia mwenyewe, Mati, ingawa nilishalijua. Alisema hakutoa siri yoyote. Alikuwa analala juu ya dari la ghala, na Kapteni alizificha bunduki chini ya majani aliyokuwa akilalia, bila kumwuliza. Askari wa Mwingereza walipokuja na mafuta ya taa kuchoma nyumba, Kapteni mwenyewe aliwaonyesha bunduki kwa kidole. Nyumba ikapona. Wapiganaji walipouliza nani ametusaliti, Kapteni akaonyesha tena, kidole kile kile. Nani angemsikiliza kibarua? Huyo ndiye shujaa wa ukutani. Jina lake niliambiwa, lakini sitampa heshima ya kuliandika: mimi namwita mwoga mwenye masharubu.

Haukupita muda Deklan akapata kazi Jeddah, ujenzi upande wa bandari, tukahama sote. Nilifurahi, nikajua nimemwacha yule na ngazi yake. Pasipoti je? "Acha kwanza tuzoee Jeddah," Deklan akasema. "Mimi ni mtu wa haki, unanijua." Tuliingia kwenye fleti ghorofa ya pili, jikoni kuna mlango unaotokea kwenye ngazi za nyuma za watumishi. Alasiri ya kwanza nikaufungua nitoe maboksi. Mati amekaa, kofia magotini, koti linatiririka ngazi hadi ngazi.

"Kuna unyevu huku," akasema. "Afadhali."

Chumba changu Jeddah kilikuwa kando ya jikoni, hakina dirisha. Wiki hiyo hiyo Deklan akamleta Mwadime na mitungi mikubwa ya plastiki, akaipanga humo ndani, juisi ya zabibu, sukari na hamira. Alikuwa anapika divai yake. Nikamwendea Madam.

"Madam, hii ikikamatwa chumbani kwangu?"

Akacheka. "Nani atakuja chumbani kwako?"

"Basi iwekeni chumbani kwenu."

"Harufu hiyo? Hapana, dia. Vumilia kidogo."

Nikalala na mitungi. Usiku ilikuwa inapumua, bluku, bluku, kama watu. Na nilipomwambia Mati, kwa mara ya kwanza alisogea mpaka kizingitini. Uso wake sikuupenda.

"Wameficha mahali unapolala," akasema.

"Nimeona. Mimi si kipofu."

"Ataonyesha kwa kidole. Hawana njia nyingine, mama. Wanaifundishana."

Nikamwambia aniache. Deklan alikuwa ameahidi, safari hii kwa kuapa, kwamba Alhamisi ananipa pasipoti na tiketi. Mama siku hizo alikuwa bado ananitaja, dada alisema, kila siku anauliza nitakuja lini. Nigombane na bosi sasa, imebaki Alhamisi? Nani angefanya hivyo?

Jumatano alasiri nikasikia vishindo kwenye ngazi za mbele na Kiarabu cha watu wenye hasira. Alikuwa mwenye jengo, mzee Abu Salih, kaja na polisi. Harufu ya hamira ilikuwa imefika kwa jirani wa juu. Deklan alikuwa nyumbani. Jikoni na sebule zilitenganishwa na mlango, nami nilikuwa nyuma ya huo mlango, sikio ukutani. Kabla hawajauliza mara ya pili, kabla hata hawajaomba kukagua, nikamsikia ndugu yangu aliyekanyagwa na Mwingereza akisema:

"Ni mfanyakazi. Anapika chumbani kwake. Mimi sikujua, wallahi."

Wallahi! Alikuwa hajui hata salamu za Kiarabu kwa ukamilifu, lakini neno hilo alilijua.

Unajua pombe ni nini kule? Jela, viboko, na mimi sina lugha, sina pasipoti, na Mama anasahau kila siku inayopita. Nikageuka nikimbilie ngazi za nyuma. Mati alikuwa mlangoni, ameujaza.

"Nikaribishe ndani," akasema.

"Nini?"

"Mlango wa ndani sikuwahi kuupita. Mpaka mtu wa nyumba anikaribishe. Sema."

Mtu wa nyumba! Nilitaka kucheka. Lakini si walikuwa wakisema wenyewe, kila siku, kwamba mimi ni wa familia? Nikafungua mlango wa chumba changu, nikarudi nikasimama kando, nikasema, "Karibu, Mati. Pita."

Akapita. Alipita karibu yangu na baridi yake nikaihisi kwenye meno. Sikuona alichofanya, sitakudanganya. Nilijikunyata karibu na jiko, nimefumba macho. Nilisikia maji tu. Kisha mlango wa sebule ukafunguliwa wakaingia, Abu Salih, polisi, na Deklan nyuma yao amenyoosha kidole kuelekea chumba changu. Naapa, kidole. Kama kwenye hadithi.

Chumba kilikuwa kitupu. Godoro langu, Biblia, na leso. Mitungi hakuna. Sakafu inang'aa maji, na kutoka kizingitini kwangu yameanza matope meusi, nyayo za mtu peku, zinapita jikoni kando ya viatu vya polisi, zinavuka sebule juu ya zulia jeupe la Madam Orla, chini ya picha ya Kapteni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha Deklan na mkewe. Yule polisi alizifuata. Akafungua.

Mitungi yote ilikuwa juu ya kitanda. Imepangwa vizuri kwenye shuka, imesimama. Mwanamume mmoja hawezi kuubeba mtungi mmoja wa aina ile bila kupumzika. Na droo ya meza ilikuwa imevimba kwa maji, imepasuka yenyewe, na juu ya karatasi zilizolowa ipo pasipoti yangu.

Abu Salih aliiokota. Akanitazama, akaitazama picha, akanitazama.

"Yako hii?"

"Naam, baba."

"Na kwa nini iko kwake?"

Nilimtazama Deklan. Uso ulikuwa umemshuka, anaangalia zile nyayo. Nikamsogelea nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni, polepole ili asikie vizuri: "Mati anakusalimu. Anasema baba wa babu yako ndiye aliyeonyesha bunduki."

Hakuniuliza Mati gani. Alikaa chini sakafuni, kwenye matope. Madam Orla akalia, "Tulikuchukulia kama familia!" Nikamjibu, "Familia gani inalazwa na mitungi?"

Usidhani haki ilitendeka. Mzungu hakai ndani. Alirudishwa kwao kabla yangu mimi. Mwadime amewahi kuona mtandaoni, anasema Deklan siku hizi anawasimulia watu jinsi alivyoteswa Uarabuni kwa kuwatetea wafanyakazi wanyonge. Tena wanampigia makofi. Ukoo huo una kipaji.

Mimi nilihifadhiwa mtaa wa Ghulail, huko huko Jeddah, kwa mke wa Mwadime, nikingoja Abu Turki atie sahihi ya kuniachia. Alitia haraka, aliogopa aibu. Kabla ya kupanda ndege nilisimama kwenye ngazi za Ghulail nikamwambia Mati, kwa sauti, watu wakinitazama, "Umepata ulichotaka. Sasa nenda kwenu." Hakuwepo. Nikafurahi.

Nilifika Taita asubuhi ya ukungu. Mama alikuwa amekaa jikoni, amejifunga leso kichwani. Nikapiga magoti, nikamshika mikono. Akanitazama muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa kanisa.

"Wewe umetoka wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimechelewa. Kwa siku ngapi? Dada hataki kuniambia, anaogopa nitalaani. Ningepewa pasipoti ule mwezi ujao wa kwanza, Mama angenijua. Hilo ndilo alilonilia Deklan.

Na nikiwa bado nimepiga magoti Mama akainua macho, akatazama nyuma yangu, mlangoni. Uso wake ukachangamka kama zamani.

"Karibu, baba," akasema. "Mbona umelowa hivyo? Ingia, ingia uote moto."

Sikugeuka. Sikuwa na haja. Nilisikia maji yakidondoka.

Toka siku hiyo yuko hapa. Niliyemkaribisha ni mimi, na hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia mtu wa nyumba aondoke. Mchungaji amekuja na mafuta yake, ameteleza kwenye matope akavunjika mkono. Dada haoni kitu, anapiga deki tu na kunilaumu.

Kwa hivyo wewe unayepanda ngazi za Jumwa leo na picha zako za pasipoti, sikia. Siku ya kwanza ukifika, tazama kilichowekwa chumbani kwako ambacho si chako. Uliza ni cha nani, na uliza kwa sauti mbele ya watu. Bosi akikuambia wewe ni wa familia, mwombe akuonyeshe funguo za droo. Na yule atakayekusimulia jinsi babu zake walivyopigania uhuru, kaa naye mbali zaidi kuliko yule asiye na babu wa kujisifia.

Mimi naishia hapa. Mama ananiuliza tena jina langu, na anataka kujua kama yule kijana ameshapewa chai.